Wiki tatu za dansi Vienna na likizo ya familia: nianze na lipi? Ushauri wenu wakuu

Nyayo_Mbili

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu.

Naenda moja kwa moja kwenye mada. Nina miaka 34, nacheza dansi tangu nikiwa na 19. Si ajira yangu, ila si utani pia. Nimedunduliza miaka miwili, na Julai hii nataka kwenda Vienna, Austria, kwenye madarasa ya ImPulsTanz, lile tamasha la dansi lililopo tangu 1984. Madarasa yamepangwa kwa wiki, unachagua mwenyewe kama unavyochagua nguo dukani. Mimi nimepania wiki tatu: asubuhi baleti, mchana kontemporari (dansi ya kisasa), jioni darasa la sakafuni.

Kasheshe lilianza nilipomwambia mzee wa nyumba. Nilijiandaa kununiwa, badala yake akachangamka kupita kiasi. Kesho yake namkuta anaangalia picha za bahari ya Kroatia. "Kama tunaenda, tunaenda wote." Tuna binti wa miaka 7. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hiyo "tunaenda" haikuwemo kwenye mpango wangu.

Sasa tunabishania njia tatu. Yeye anataka tuanze na bahari siku kumi, nifike darasani nimepumzika. Mimi naona dansi kwanza, bahari baadaye, ila naogopa nitakuwa nimechoka kiasi cha kuwaharibia likizo. Ya tatu ni tukae wote Vienna, nisome asubuhi tu, mchana niwe mama na mke.

Waliowahi kuchanganya hivi vitu viwili, mlifanyaje? Nawasilisha.

Kaa_Benchi

Nimevuta kiti, ngoja waje wenye uzoefu.

Kisigino_Chuma

Dada, chondechonde usianze na bahari. Miaka michache iliyopita nilipanga hivyo hivyo, siku nane ufukweni kisha mafunzo ya wiki mbili. Siku ya sita nikalala kifudifudi na kitabu, usingizi ukanipitia. Kuamka, mabega na mgongo wa juu vimeiva. Jumatatu somo la kwanza kabisa likawa la sakafuni: bingirika kwa bega, teleza kwa mgongo, simama, rudi chini. Kila nikigusa sakafu naona nyota. Mwalimu akadhani naogopa kuanguka, akaanza kunifundisha kuanguka upya, taratibu, mbele ya watu ishirini waliokwisha kumaliza. Niliona aibu kumwambia kwamba nimeungua kwa uzembe.

Hilo la jua ni dogo. Kubwa ni nyayo. Sisi tunaocheza pekupeku tunajenga sugu kwa miezi, ile ngozi ngumu chini ya vidole ndiyo viatu vyetu. Siku nane za maji ya chumvi na mchanga zililainisha zangu zote. Jumatano, katikati ya mzunguko, ikabanduka ngozi ya ukubwa wa sarafu. Nilimaliza wiki nimezungushia unyayo plasta ya kitambaa, jasho linaibandua kila baada ya dakika kumi, nainama naibandika tena, wenzangu wananiruka.

Bahari iwe mwisho. Malengelenge yakikutana na chumvi utapiga kelele siku ya kwanza, basi. Hakuna darasa kesho yake.

Karani_wa_Viza

Mimi dansi sijui, ila fomu nazijua. Mambo machache, mtu asije akafanya kosa.

Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, unaombea kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Unaweza kuanza miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hizo siku 15 ndizo wanazojipa kukujibu, ila wakitaka kuchunguza zaidi zinaweza kufika 45, kwa hiyo anza mapema. Kwenye sababu ya safari, usiandike utalii peke yake wakati mkoba wako una barua ya kukubaliwa kwenye mafunzo. Andika ukweli, ambatanisha barua. Fomu inaruhusu sababu zaidi ya moja.

Na uangalie idadi ya kuingia. Kroatia ipo ndani ya Schengen tangu Januari 2023, huko mtavuka bila shida. Lakini London haimo, na mtu mwenye viza ya kuingia mara moja akichomoka wikiendi kwenda kutazama onyesho Uingereza, viza yake ya Ulaya imeishia hapo. Namjua mmoja aliyeng'amua hilo akiwa tayari amelipia tiketi. Onyesho hakuliona.

Nyayo_Mbili

Asanteni sana. @Kisigino_Chuma nimecheka halafu nikaangalia nyayo zangu.

Mnaosema bahari mwisho: siku kumi bila mazoezi si nitasahau kila nilichojifunza? Na ile njia ya tatu, asubuhi darasa, mchana familia, mbona hakuna anayeigusa?

Shemeji_Mtu

Naigusa mimi, kutokea upande wa pili. Mke wangu ndiye mchezaji, mimi hata kwenye harusi nakaa. Nimemsindikiza mara tatu.

Mara ya kwanza tulifanya hiyo hiyo njia yako ya tatu. Kwenye karatasi ilipendeza: darasa linaisha saa saba, saa nane tupo mjini. Kilichotokea ni hiki. Saa saba nipo nje ya studio na mtoto. Saa saba na nusu bado wanaongea na mwalimu. Saa nane anatoka, nywele zimelowa, anacheka na watu nisiowajua, anatuona, uso unabadilika. Hakukasirika, ila nilimwona akihama kutoka dunia moja kwenda nyingine, na ile ya pili ilikuwa sisi. Tunafika jumba la makumbusho, anatafuta benchi. Saa mbili usiku amelala, miguu ameiegemeza ukutani. Wiki nzima nadhani hatukuongea nusu saa mfululizo. Hakuna aliyekosea, ila sote tulikuwa na kinyongo.

Mara ya tatu ndipo tulipopatia. Mimi na mtoto tulikuwa na ratiba yetu, bila yeye, tukakubaliana kabisa kwamba siku za kazi asihesabiwe. Kwa Vienna hilo ni rahisi, maana mtoto wa miaka 7 pale hachoki. Bustani ya wanyama ya Schönbrunn ipo tangu 1752, ndiyo ya zamani kuliko zote zinazofanya kazi mpaka leo. Kuna gurudumu kubwa la kupanda la Prater, bustani ya burudani, la mwaka 1897. Kuna Donauinsel, kisiwa chembamba cha kilomita 21 katikati ya mto Danube, unakodi baiskeli unaenda mpaka uchoke, na watu wanaogelea. Wangu aliponiuliza siku ya nne "mama yuko wapi?" nikamwambia yuko kazini, akasema sawa, tuendelee.

Kwa hiyo dada, swali la kumuuliza mumeo si "tuanze na lipi". Muulize kama yuko tayari kuwa peke yake na mtoto kuanzia asubuhi mpaka jioni, mji mgeni, wiki tatu. Wiki moja naweza kumsemea. Tatu, mmh.

Goti_na_Kifundo

Nyayo, mimi ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo. Swali kabla ya ushauri: kwa sasa unacheza saa ngapi kwa wiki?

Nyayo_Mbili

Saa 4. Wiki ikiwa nzuri, 5.

Goti_na_Kifundo

Basi shida yako haipo baharini. Madarasa matatu kwa siku, hata kila moja likiwa la saa moja na nusu tu, kwa siku tano ni zaidi ya saa 22. Unazidisha mzigo mara nne na nusu mpaka tano na nusu kati ya Ijumaa na Jumatatu.

Misuli italalamika, ndiyo kazi yake: maumivu hupanda kati ya saa 24 na 72, siku ya tatu utashuka ngazi kinyumenyume, kisha yanapungua. Ninaloliogopa ni mfupa, kwa sababu wenyewe hausemi mapema. Muundi unauma kidogo wakati wa kupasha, ukishapata moto maumivu yanapotea, unajiambia umepona. Wiki ya tatu unachechemea hata ukienda msalani. Ukifikia hapo inaweza kuwa ni ufa kwenye mfupa, na dawa yake ni kupumzika wiki kadhaa. Dansi hakuna, na kutembea mchangani hakuna.

Sasa hivi ni Februari, una nafasi. Ongeza kidogo kidogo, mpaka Juni uwe kwenye saa 9 au 10 kwa wiki. Ukifika kule chukua madarasa mawili kwa siku. Hilo la tatu liache, najua litakuuma. Ukiamua kuacha moja, acha lenye kuruka sana, bakiza la sakafuni, miundi itakushukuru. Na kilomita 12 za kutembea mji jioni na mtoto mgongoni nazo ni mzigo, zihesabu.

Kuhusu kusahau: siku kumi si kitu. Kinachotangulia kushuka ni pumzi, nayo huchukua kama wiki mbili kabla hujaiona tofauti. Nguvu hukaa zaidi. Mwendo uliojifunza ubongo unaendelea kuupanga ukiwa umelala, kwa hiyo kulala vizuri ufukweni ni sehemu ya kozi.

Halafu bima. Ya viza lazima ifike euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani. Ila kutimiza sharti la ubalozi ni jambo moja, kukulipia goti lililoteguka darasani ni lingine. Soma vipengele vilivyoondolewa, tafuta neno michezo au mafunzo. Mara nyingi limejificha huko chini.

Sitaki_Lawama

Nitasema wasilolisema wengine. Acha familia nyumbani. Umedunduliza miaka miwili kwa ajili ya dansi, si kwa ajili ya kubeba maboya. Likizo ya familia iwe safari nyingine.

Kisigino_Chuma

@Sitaki_Lawama wewe huna mtoto wa miaka 7. Wiki tatu bila mama si mchezo kwa mtoto, wala kwa mama. Nimewahi kulia chooni studio kwa sababu ya simu ya video iliyokatika.

Mchanga_Mtupu

Mbona wote mmeganda Ulaya? Mwenye kutaka dansi na bahari pamoja, ipo École des Sables, Toubab Dialaw, Senegal. Aliianzisha Germaine Acogny 1998, kijiji cha wavuvi, Atlantiki ipo hapo chini. Wana studio moja ambayo sakafu yake ni mchanga. Unaruka unadidimia, mapaja yanakoma, lakini miundi inapumua. Si mahali pa kuchagua darasa la wiki moja kama Vienna, wana kozi zao kwa vipindi, na mara nyingi lazima uombe nafasi. Weka akiba kwa mwaka mwingine.

Nyayo_Mbili

Nimerudi. Tumekaa jana usiku, nikamsomea ya @Shemeji_Mtu neno kwa neno. Alinyamaza nilipofika pale uso unabadilika. Kisha akasema, "Wiki moja naweza. Tatu utanikuta nimeota mvi."

Tulivyokubaliana: wiki mbili za kwanza naenda peke yangu, madarasa mawili kwa siku. Baleti nimeikata, roho imeniuma kweli. Wao wanakuja Jumamosi ya mwisho wa wiki ya pili. Wiki ya tatu nabaki na darasa moja tu, la sakafuni, wao wana baiskeli zao. Halafu wote Kroatia siku kumi. Kuanzia wiki hii naongeza darasa la Jumamosi.

Kuna tundu nimeliacha?

Karani_wa_Viza

Lipo. Wewe Austria wiki tatu, Kroatia siku kumi, kwa hiyo unaomba Austria. Mumeo na binti Austria siku 7, Kroatia siku 10. Kwa hesabu hiyo wao ombi lao ni la ubalozi wa Kroatia. Mtakuwa na mafaili mawili, tarehe mbili, na kwa sababu binti anasafiri na baba tu, watataka ridhaa yako kwa maandishi. Au waongezeeni siku Vienna, mpunguze za bahari, wote mwombe sehemu moja.

Shemeji_Mtu

Kupunguza siku za bahari umwambie wewe mwenyewe, dada. Sisi hatumo.

Nyayo_Mbili

Nitamwambia kesho. Leo kaja na miwani ya kuogelea ya binti, wameivaa wote wawili sebuleni.

Kaa_Benchi

Bado nipo kwenye kiti.