Mtoto yuko darasa la tatu na hajui kusoma. Bweni au arudie darasa?

Mtu wa Kimara
Habari za jioni wakuu. Nina binti wa miaka tisa, yuko darasa la tatu, inglishi midiamu moja hapa Dar, ada si haba. Kila siku dayari inarudi imesainiwa, madaftari yana vema nyekundu, nikajua mambo yanakwenda.

Jumapili umeme ukakatika. Nikasema leo nisomewe hadithi, nikamshikia tochi ya simu. Akasoma ukurasa wa tano Kiingereza kimenyooka, kama mtangazaji wa redio. Sijui nilishikwa na nini, alipovuta pumzi nikafunua kurasa mbili kwa mpigo. Picha ni ya simba, yeye anaendelea na sungura wake palepale alipoishia. Nikafunika picha kwa kiganja nikamwambia soma hapa. Akanyamaza, halafu akawa anatazama mdomo wangu, anasubiri nianze ili afuate.

Mtoto amekariri kitabu kizima wakuu. Kusoma hajui.

Shule wanasema kuna nafasi za bweni muhula ujao, huko wana prepu hadi saa tatu usiku. Au arudie darasa la pili? Naomba ushauri, matusi wekeni pembeni. Nawasilisha.

Kaputula la Mzee
Siti ya mbele hii nimeikalia. Ngoja waje wajuzi.

Mama Zuu
Bweni miaka tisa? Mimi nilipelekwa nina kumi. Wiki ya kwanza nikaibiwa ndoo, ya pili sabuni, ya tatu na mimi nikawa mwizi wa sabuni. Nilichojifunza kule ni kulala na viatu chini ya mto. Hadi leo mume wangu ananishangaa, nikisafiri lazima viatu viingie kitandani. Usimpeleke.

Ngosha wa Igoma
Tatizo ni simu na katuni. Sisi wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, tulikaa chini, madawati hakuna, walimu wengine ndio kwanza wametoka darasa la saba, lakini darasa la pili unamsomea babu gazeti. Ukikosea, kiboko. Siku hizi mtoto anabembelezwa kama yai, mzazi naye kutwa yuko humu jukwaani. Umewahi kumshikia kitabu kabla ya umeme kukatika? Shukuru umeme.

Kaputula la Mzee
Kumbe mgao una faida.

Chaki Nyeupe
Mkuu, nafundisha la kwanza na la pili, mwaka wa kumi na nne huu. Mtoto aliyeweza kukariri kitabu kizima cha lugha ya kigeni si mjinga, amejificha tu, na amejificha kwa akili. Nijibu mawili kwanza. Kiswahili anasoma? La kwanza na la pili amesomea wapi?

Halafu mpe karatasi, umtajie maneno haya bila kumsaidia: baba, bibi, pipi, meza, nyumba. Weka hapa alivyoandika. Usirekebishe hata herufi moja.

Mtu wa Kimara
Asante mwalimu. Shule ya nyuma ilikuwa ya kawaida tu. Kuhusu bweni, mnaonaje wale wanaorudi nyumbani kila mwisho wa mwezi? Maana wana matron mzuri, nimeongea naye.

Kaputula la Mzee
Ameulizwa kwake, anajibu kwa jirani.

Chaki Nyeupe
"Ya kawaida" ndiyo ipi mkuu? Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Mtu wa Kimara
Sawa. Kayumba, shule ya serikali. Kijijini, Kondoa, alikuwa kwa bibi yake. Darasani walikuwa mia na kitu. Amekuja mjini Januari hii, anaongea Kirangi na Kiswahili, Kiingereza hata salamu hana. Kwenye usaili alifeli, wakasema aanzie la kwanza. Nikakaa na mkuu wa shule tukaelewana akaingia la tatu, kwa sababu na umri wake wote ule la kwanza angechekwa. Na mpaka sasa sioni kosa. Mtoto akikaa na waliochangamka, anachangamka.

Kiswahili nilijua anasoma, sikuwahi kumpima. Haya ndiyo aliyoandika:

baba: BABA
bibi: BB
pipi: PP
meza: MAZA
nyumba: NUBA

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamkaripia kidogo.

Chaki Nyeupe
Mwombe radhi. Hakuna mzaha hapo.

Kule Kondoa alifundishwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Herufi anaisoma kwa sauti yake. Kuja huku, kitu cha kwanza ameimbishwa alfabeti, ei, bii, sii. Sasa ukisema "bibi", anasikia bii na bii. Ana herufi inayoitwa bii, anaandika mbili, kamaliza. Pipi hivyohivyo. Meza je? Herufi A siku hizi anaijua kwa jina la "ei", kwa hiyo m-ei-za, MAZA. BABA ameipatia kwa sababu ameiona mara elfu, ni picha kichwani. NUBA ni kwamba hakuwahi kufika kwenye silabi zenye konsonanti mbilimbili, nyu na mba. Kwenye darasa la watoto mia, wengi wanaachwa pale.

Yaani alikuwa na nyumba ya tope nusu, mmeibomoa mkaanza ghorofa bila msingi.

Kiswahili kina irabu tano na hazibadiliki. Mtoto akizishika, anasoma neno lolote hata asilolijua maana. Kiingereza hakina huruma hiyo, herufi moja ina sauti nne. Aanze na chenye huruma. Ndiyo maana mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ulipunguzwa, KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ikapewa muda mwingi, kusoma kuje kwanza.

Robo saa kila siku, si prepu ya saa tatu usiku. Kata maboksi ya sabuni, andika silabi, m na irabu zake siku mbili, k siku mbili, apange mwenyewe: ma-ma, ka-ka, mi-mi. Usimwambie "em ei", mwambie "ma". Ng', nyw na mbw ziache mwisho, hata watu wazima wanaandika "ngombe". Na aandike kila siku kitu chake mwenyewe, si kunakili ubaoni. Mwandiko ukiwa mbaya, uache uwe mbaya.

Mkaazi wa Kongowea
Huku Kenya tunalo hilohilo. Sera yasema Grade 1 hadi 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, mjini iwe Kiswahili. Lakini mzazi akishalipa karo ataka kusikia Kiingereza jioni hiyohiyo. Mwanangu alikuwa akisoma "come" anasema "chome". Nikamwambia baba, hapo umesoma Kiswahili sawasawa, kosa ni la waliolitunga neno.

Mama Zuu
Chome 😂 Mimi nakisoma hivyohivyo moyoni hadi leo.

Jicho la Tatu
Mnahangaika na chai. Na sukari haijakolea.

Machi mwaka jana huyuhuyu Mtu wa Kimara alifungua uzi anauliza godoro zuri la futi tatu na nusu, nanukuu: "naishi peke yangu, sina mke wala mtoto." Leo ana binti wa miaka tisa. Amezaliwa na miaka minane? Na hiyo BB imenyooka mno, imekaa kama mfano wa kitabuni. Baada ya hapo anatokea mwalimu na dawa kamili. Subirini namba ya tuisheni inakuja.

Kaputula la Mzee
Nimeusoma ule uzi wa godoro wote. Mkuu, ulichukua inchi ngapi hatimaye?

Ngosha wa Igoma
Mimi nilishangaa tangu mwanzo. Baba gani anakaa na mtoto hajui kama anasoma Kiswahili.

Chaki Nyeupe
Sina tuisheni. Nina watoto themanini na sita wanaonitosha. BB naiona kila mwaka kwa wanaotoka kwenye chekechea za Kiingereza. Jaribu kwa mtoto wa jirani.

Jicho la Tatu
Mleta mada mbona kimya? Anatunga sehemu ya pili?

Mtu wa Kimara
Nipo. Nilikuwa kazini.

Mtoto ni wa dada yangu. Dada yuko Muscat, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Ada yote anatuma yeye. Alisema mwanangu asome inglishi midiamu asije akatumikishwa kama mimi kwa kukosa lugha. Ningemjibu nini? Sikusema tangu mwanzo kwa sababu humu ukisema "mtoto wa dada" mnageuza uzi kuwa wa dada.

Na bweni nimeshalipa nusu. Wiki iliyopita.

Kuna jingine, bora liishe. Dada kila mwisho wa mwezi anataka mtoto amwandikie, apigiwe picha. Mwezi wa kwanza mtoto alikaa na karatasi saa nzima ikabaki nyeupe. Nikaandika mimi, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane na wa mtoto. Nimeandika barua saba. Dada anazisoma usiku wenzake wakilala, ananitumia sauti analia kwa furaha. Anarudi Desemba.

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Mtu anafua na kupika nyumba ya watu kumi na moja, nimwambie hela yake inaenda na maji?

Kaputula la Mzee
Dah. Godoro nimelifuta.

Mama Zuu
Sasa nielewe. Hilo bweni ni la mtoto, au ni la kukufichia wewe hadi Desemba?

Mtu wa Kimara
Ni la mtoto. Kwa sehemu kubwa.

Ngosha wa Igoma
Kijana, nilikusema vibaya, tuyaache. Mzee wangu alikuwa mgodini Mwadui, anamwandikia mama barua. Mama hajui kusoma, anampelekea jirani amsomee. Mtaa mzima ulijua shilingi ngapi zimetumwa na mzee amemkumbuka mama vipi. Siku moja jirani akaruka sentensi, mama akaona machoni mwa jirani mwenyewe kwamba pameachwa kitu. Ilipokuja elimu ya watu wazima miaka ya 70, alikuwa wa kwanza kujiandikisha, mimi mgongoni. Barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe ilikuwa ya kuombwa kaptula. Aliitunza hadi anakufa.

Dada yako ataona palipoachwa kitu. Kama hajaona tayari.

Jicho la Tatu
Saba kwa mkono wa kushoto. Weka moja tuone.

Mama Zuu
Wewe nawe una roho ya karani wa mahakama.

Chaki Nyeupe
Turudi kwa mtoto. Mkuu, mwakani ni darasa la nne, kuna upimaji wa kitaifa, na pale hakuna mdomo wa mjomba wa kuutazama. Nenda shuleni, omba kwa maandishi ile hela ihamishiwe ada. Muone mwalimu wa darasa, si mkuu wa shule, mwambie ukweli kama ulivyotuambia. Wakikataa kumshusha, Kayumba ya mtaani kwenu haina ada, akaishike lugha moja kwanza. Kiingereza kitamkuta sekondari akiwa na miguu. Najua dada hatapenda kusikia hilo.

Barua ya mwezi huu aandike mtoto. Hata iwe maneno matatu.

Mtu wa Kimara
Kayumba siwezi kumrudisha mwalimu, hilo tuliache kwanza. Hayo mengine nimekupata.

Mtu wa Kimara *(wiki tatu baadaye)*
Wakuu nimerudi. Bweni wamegoma kurudisha hela, imeingia kwenye ada ya muhula. Mwalimu wa darasa alisema aliliona tatizo tangu Februari ila alidhani nyumbani tunajua. Anamkalisha mbele, Kiingereza cha kuandika amempunguzia.

Robo saa haitoshi, anakataa kuacha. Ameandika silabi kwenye maboksi hadi ya viberiti vya jikoni, nikitaka kupika natafuta njiti chini ya "ku". Jana kwenye daladala akasoma kwa sauti bango la duka, "mi-ka-te", abiria wakageuka. "Nyama choma" bado inamshinda, anasema "nama choma".

Jioni nikampa karatasi nikamwambia mwandikie mama. Akanigeuzia mgongo, akaandika. Kumbe ameandika kwa bibi yake. Naiweka kama ilivyo:

bibi mimi nasoma. kuku wako wagapi

Chaki Nyeupe
Bibi ina i mbili.

Jicho la Tatu
Hiyo "wagapi" naikubali. Mtu mzima hawezi kuibuni.

Mama Zuu
Na Muscat umetuma?

Kaputula la Mzee
Na kuku wangapi?

Mtu wa Kimara
Nimempigia bibi yake asubuhi. Kumi na wawili, mmoja analalia.