Nyumba ya Barabara ya 8

*Jumatano*

[06:12] *Da Mwajuma:* Asalaam aleikum. Friza ya Mama imetoa maji mpaka sebuleni na ndani mna kilo 20 za nyama ya hitima. Jumamosi ndiyo hiyo. Naomba mtu aseme neno.

[06:13] *Da Mwajuma:* Tunu mwanangu, usiifungue.

[06:40] *Tunu:* Shikamoo mama mkubwa. Nishaifungua. Barafu iko kona moja tu chini, kwingine kuta zimelowa. Nyama za juu zimelegea, za chini bado mawe.

[06:41] *Da Mwajuma:* Marahaba. Mota je?

[06:42] *Tunu:* Inanguruma tangu jana haipumziki. Yenyewe ya moto, mkono haukai. Ila ubavu wa friza kwa nje umepoa, zamani ulikuwa na joto.

[06:44] *Da Mwajuma:* Weka karatasi chini ya mfuniko, funga, uvute.

[06:51] *Tunu:* Upande wa bawaba inatoka yenyewe. Mbele inashika.

[06:53] *Da Mwajuma:* Huo mpira umelala. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni, uuvute taratibu urudi. Lakini tatizo si mpira peke yake. Mpira mbovu ungejaza barafu friza nzima. Barafu kona moja, ubavu umepoa, mota haipumziki, hiyo gesi imepungua.

[08:20] *Shabani:* Si aitwe fundi aongeze gesi, yaishe

[08:21] *Da Mwajuma:* Shabani, ameongeza Mfungo Sita, ameongeza tena Rajabu. Elfu 40 kila safari. Gesi ya friza si mafuta ya taa, hailiwi. Inazunguka humohumo kwenye mabomba miaka yote. Ikipungua pana tundu. Tunateka maji kwa pakacha.

[08:22] *Rehema Muscat:* Kama mfuko wa Shabani 😂😂

[08:22] *Shabani:* 😂 Wewe tuma riyali

[08:23] *Rehema Muscat:* Ile sahani ya biriani ya Idd umerudisha?

[08:25] *Shabani:* Sahani iko kwa Hamisi

[08:31] *Da Mwajuma:* NYAMA INAYEYUKA. Tunu, zilizolegea na bado za baridi pika leo hii. Zenye barafu ndani peleka kwa Mama Chiku, friza yake ina nafasi. Na watoto wasifungue kutafuta barafu za ubuyu. Friza iliyojaa, nzima, ikifungwa umeme ukikatika inastahimili kama siku mbili. Yetu kila saa inafunguliwa.

[11:05] *Hamisi:* Mkifika kwenye tundu mtanitaja mimi. Najua.

[11:06] *Da Mwajuma:* Sijakutaja.

[11:06] *Da Mwajuma:* Ila alama ya kisu iko ukutani, juu ya hiyo kona. Barafu inayeyushwa kwa kuzima friza na kuweka sufuria ya maji ya moto ndani, si kwa kisu cha nyama.

[11:09] *Hamisi:* Na aliyeilaza kwenye kirikuu toka Dar, akaichomeka ilipoteremshwa tu, mafuta ya mota hayajashuka? Hilo halisemwi. Na elfu 50 yangu ya mchango wa friza mpaka leo mnasema sikutoa.

[11:10] *Rehema Muscat:* Jamani

[11:14] *Shabani:* Tununue na gadi ya kulinda friza, jioni umeme unashuka sana

[11:15] *Da Mwajuma:* Gadi haizibi tundu. Tutanunua baadaye.

[13:30] *Tunu:* Bibi kaniambia niandike kama anavyosema. "Friza hii nimeuza barafu ya shilingi mia mia nikanunua dawa za baba yenu mpaka alipofariki. Sikumuuliza mtu nani katoa, nani hakutoa. Hiyo elfu 50 nisiisikie tena, yeyote asinitajie. Hamisi, uje mwenyewe kabla ya hitima. Usitume mtu."

[14:52] *Hamisi:* Sawa Mama. Nimesikia.

[14:58] *Da Mwajuma:* Sawa Mama.

[15:20] *Da Mwajuma:* Sasa fundi. Simtaki yule wa mwanzo. Aje anayepima kwa naitrojeni na povu la sabuni, aone panapotoka kabla ya kutia gesi. Tundu likiwa ndani ya ukuta aseme kweli, tusilipie mara ya nne. Tunu, soma kibandiko cha nyuma.

[15:41] *Tunu:* R600a

[15:42] *Da Mwajuma:* Hiyo ni gesi inayoshika moto. Akichomelea, friza itolewe uani, jiko lizimwe kwanza. Nani anatoa pesa ya fundi? Mimi elfu 30.

[17:10] *Rehema Muscat:* Nitatuma, mshahara ukiingia

[19:03] *Da Mwajuma:* Shabani?

[19:04] *Da Mwajuma:* Hamisi, unapanda basi la kesho au Ijumaa?

[21:50] *Baba Mdogo:* Waaleikum salaam. Amina.

[22:16] *Tunu:* Mama mkubwa, mpira umerudi, karatasi sasa inashika pande zote. Nyama iko kwa Mama Chiku, kilo 13. Maji bado yanatoka kidogo, nimeweka kanga kuukuu.