Faili ya Access kwa mashine nne, kila wiki inaharibika, nifanyeje?

SpeaMtaani:
Wadau habari za jioni. Niko na duka la spea Kirinyaga Road, databesi ya stoki niliunda mwenyewe kwa Access (ile programu ya databesi ya Microsoft), faili moja tu kama MB 180 hivi. Inakaa kwa kompyuta ya kaunta, nikaishea folda, halafu stoo, keshia na bibi yangu na laptopu yake huko juu ofisini wote wanaifungua hapo hapo. Mwezi wa kwanza ilikuwa poa. Siku hizi mara mtu anaambiwa imefunguliwa na mwingine, mara inataka kurekebishwa, na jana padi za breki karibu laini ishirini zimegeuka #Deleted tupu, na mzigo wenyewe naona uko kwa rafu!! Kuna fundi anasema niihamishie Google Drive kila mtu asinki. Itasaidia?

WayaMrefu:
Usithubutu bana. Ukiweka Drive kila mtu anafanya kazi kwa kopi ya mashine yake, hakuna wa kumwambia mwenzake ngoja kwanza, keshia akiuza plagi na stoo akiingiza mzigo saa hiyo hiyo mmoja atameza kazi ya mwingine. Access haina seva, kila kompyuta inaingiza mkono yenyewe ndani ya ile faili. Kwa hivyo niambie, hiyo laptopu ya juu iko kwa waya ama waifai?

SpeaMtaani:
Waifai. Na hata inapotea akifunga mlango 😅

WayaMrefu:
Basi mshukiwa wa kwanza ndiye huyo. Waifai ikikatika wakati anaandika, faili inaachwa nusu nusu. Vuta waya.

DadaMajedwali:
Waya sawa lakini pia gawanya hiyo faili boss. Watu wote watoke, piga kopi uweke kando, fanya Compact and Repair (ya kubana na kurekebisha faili), ndio uende Database Tools ubonyeze Access Database. Itakukatia mbili. Ya nyuma ina majedwali peke yake, hiyo ndio ibaki kwa folda ya kushea. Ya mbele ina fomu na ripoti, kila mtu awekewe yake kwa diski C ya mashine yake, msishee hiyo hata mkiwa wawili. Ukiunganisha tumia njia ya \\jina la kompyuta\folda, usitumie herufi ya diski kama Z, maana utakuta stoo ni Z na kwa keshia ni Y halafu unaanza kulia.

Ingine watu husahau ni ruhusa. Kila mtu lazima aweze kuunda na kufuta kitu ndani ya hiyo folda, maana Access huweka kafaili ka .laccdb ka kuonyesha nani yuko ndani. Asiyeweza kukaunda akitangulia kuingia, anafungia wengine nje.

SpeaMtaani:
Ngoja, hako kafaili nakaona hapa saa hii na tumefunga kila kitu??

DadaMajedwali:
Basi hamjafunga. Nenda kompyuta ya kaunta, Computer Management, Shared Folders, Open Files. Itakuonyesha nani ameshikilia.

Mzee_wa_Seva:
Mimi ningeachana na hii shida kabisa. Weka seva ya databesi kama MariaDB ama SQL Server Express kwa hiyo kompyuta ya kaunta, zote ni za bure, fomu zako za Access unabaki nazo unaunganisha tu na seva kwa ODBC, kiunganishi cha programu na databesi. Stima ikipotea katikati ya mauzo, ile kazi ya nusu inarudishwa nyuma, majedwali yanabaki salama. Access yenyewe mwisho wake ni GB 2. Ila ukifungua tawi usije ukafungua poti 3306, mlango wa MariaDB, kwa intaneti wazi wazi, pitia VPN, njia ya siri ndani ya intaneti.

DadaMajedwali:
Mzee, watu wanne na MB 180? Agawanye kwanza, seva atahamia akishazoea.

SpeaMtaani:
Nimeangalia Open Files. Ni laptopu ya bibi. Ameifunika tu tangu Ijumaa, Access iko wazi ndani, na ameniambia hajaigusa 🤦🏾 Kesho natafuta waya mita 20.