Peugeot 908 HYbrid4: wasingejitoa Januari 2012, msimu ungekwendaje?

Kona_Mulsanne
Wakuu, naandaa historia mbadala ya 908 HYbrid4, gari la mbio la haibridi (injini ya dizeli pamoja na mota ya umeme) ambalo halikushindana hata mara moja. Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans 2011 Peugeot walipitwa na Audi kwa sekunde 13.854 tu, kisha Januari 2012 wakafunga mradi, WEC (ubingwa wa dunia wa mbio ndefu) ikiwa inakaribia kuanza. Kwangu hawajitoi. Ila sitaki kuwapa ushindi wa bure. Nianze kuhesabu wapi?

DizeliV8
Anza na umeme ambao mota huvuna gari likipiga breki, maana hapo ndipo hadithi nyingi za gari hili huharibika. Kanuni za 2012 ziliruhusu kutumia kilojuli 500 kati ya eneo moja la breki na jingine. Mota ya 908 ilikuwa ya kilowati 60. Gawa 500 kwa 60: unahitaji sekunde 8.3 za breki mfululizo ili kuvuna kiasi hicho. Le Mans hakuna kona ya hivyo. Kadiria sekunde 4 kwa kona nzito, unapata kilojuli 240, chini ya nusu ya ruhusa.

Mpinzani Toyota TS030 ilikuwa na mota ya takriban nguvu za farasi 300 na supakapasita, na Audi walitumia flaiwili (gurudumu zito linalohifadhi nishati kwa kuzunguka) inayolisha mota mbili za magurudumu ya mbele. Vyote hupokea umeme mwingi kwa muda mfupi. Betri ya lithiamu-ioni, kama ya Peugeot, ukiilazimisha hivyo inachemka. Ukitaka kumpa Peugeot mota kubwa zaidi, mlipishe: matundu makubwa ya kupoozea yanayokula kasi kwenye nyoofu, na kilo za ziada dhidi ya uzito wa chini wa kilo 900.

Faida aliyokuwa nayo ni moja. Umeme wake ulikwenda ekseli ya nyuma, kwa hiyo angeutumia tangu anatoka konani. Audi, kwa kuwa wao ni mbele, walizuiwa chini ya 120 km/h.

Tanki58
Hesabu ya DizeliV8 ni sawa, ila mimi ningeupeleka umeme huo kwenye mafuta, si kwenye kasi. 2011 Peugeot walikwenda mizunguko 12 kwa tanki la lita 65, Audi 11. Hiyo ni kama lita 5.4 kwa mzunguko. 2012 tanki la dizeli haibridi ni lita 58, na kwa ulaji uleule unaishia mizunguko 10. Ili ufike 11 lazima ushuke hadi 5.27, yaani uokoe karibu lita 0.15.

Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na injini ikigeuza asilimia 40 kuwa kazi, 0.15 ni kama megajuli 2.1. Kona saba kwa kilojuli 240 zinatoa 1.7 kabla ya upotevu. Haitoshi! Pengo lililobaki dereva analiziba kwa kuachia pedali ya mafuta mapema kabla ya breki, na hapo ndipo sekunde zinapopotea. Andika mvutano huo, ni mtamu kuliko ajali yoyote ya kubuni.

PitiNamba1
Mambo mawili msiyasahau. Usilete konrodi (vyuma vinavyounga pistoni na kranki) zilizovunjika Le Mans 2010. Zile ni za injini ya V12 ya lita 5.5 ya gari la zamani. Gari la 2011 lilikuwa na V8 mpya ya lita 3.7, na matatu yalimaliza ya 2, 3 na 4.

La pili ni madereva. Davidson na Sarrazin walihamia Toyota, kwako wanabaki. Maana yake Davidson hayumo kwenye TS030 iliyogusana na Ferrari na kuruka Le Mans 2012, na Toyota inabidi utafutie gari hilo watu wengine.

Kona_Mulsanne
Shukrani sana wakuu. Nabakiza kilowati 60. Naona nafasi ya 3 Le Mans, je, ni kubwa mno?

Tanki58
Hapana, inakaa vizuri. Ya 3 mwaka ule ilikuwa Audi R18 Ultra isiyo na haibridi. Mshushe huyo, zile Audi R18 e-tron mbili za haibridi zilizokuwa mbele ziache zilipo.