Miguu inayogoma kulala: tupeane uzoefu

Mtembea Usiku (mleta mada)
Wakuu, wenye tatizo la miguu kutotulia tukutane hapa. Sisemi kukazwa na misuli wala uchovu wa kawaida. Ni ile hali ukishapanda kitandani, kitu kinaanza kutambaa ndani kwa ndani, chini ya magoti. Hakiumi hasa, hakiwashi, lakini lazima uunyooshe mguu, uukunje, mwishowe unanyanyuka kutembea. Ukitembea kinatoweka. Ukirudi kulala, nacho kimerudi.

Mimi kilinikesha miaka miwili. Mke wangu alihamia chumba cha watoto, eti napiga mateke usingizini kama naendesha baiskeli. Nilipima damu, nikaambiwa iko vizuri, 13.6, nipunguze mawazo. Daktari wa tatu ndiye aliyeniuliza nisilotarajia: unachangia damu? Nachangia, tena kwa kujivunia, miaka minane. Akaagiza kipimo cha ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Ikasoma 11. Kumbe damu inaweza kutosha huku ghala liko tupu, na ubongo unakihitaji chuma hicho ili dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mijongeo, ifanye kazi yake. Kwa watu wa miguu hii, alisema, tiba ya chuma hufikiriwa hata ferritini ikiwa 75. Nikapewa vidonge, siku moja nameza, ya pili napumzika, na nisivisogeze karibu na chai. Mwezi wa tatu nikalala mpaka asubuhi, nikashtuka nikidhani nimechelewa.

Kwako kilitokana na nini?

Mama Pacha
Mimba. Ilipofika mwezi wa saba nikawa nakunja nguo za watoto saa nane usiku, maana kusimama ndiyo ilikuwa nafuu yangu. Nilipojifungua, wiki haikuisha miguu ikatulia. (Usingizi sikuupata vilevile, wazazi mnajua kwa nini.) Nilipomsimulia mama akacheka, kumbe naye ilimpata, na bibi pia. Kwetu ni urithi.

Figo Moja
Nilikuwa nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila kikao muda wa saa nne. Hebu fikirieni miguu hii halafu uambiwe usijitikise, umeunganishwa na mashine. Mara mbili niliomba nitolewe kabla ya muda, na hilo kwa mgonjwa wa figo ni hatari. Ndugu yangu aliponipa figo, hali ikayeyuka ndani ya wiki chache. Hata sikugundua ni siku gani iliondoka.

Kiboko ya Mafua
Jihadharini na dawa za aleji zinazoleta usingizi. Nilimeza prometazini nilale, nikatembea hadi alfajiri.

Mzee wa Dozi
Yangu ni ndefu kidogo, nivumilieni. Nilipewa pramipeksoli, dawa inayoiga dopamini. Wiki ya kwanza nilitamani kumpelekea daktari zawadi. Baada ya mwaka na nusu, kilichokuwa kinaanza saa nne usiku kikaanza saa mbili, kisha saa kumi jioni, kikapanda hadi mikononi. Nikaongezewa dozi, nikapata nafuu ya wiki kadhaa, halafu kikaja kwa nguvu zaidi. Kumbe dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikoleza moto.

Na hili naliandika kwa aibu: nilianza kubeti. Mimi ambaye hata bahati nasibu ya kazini nilikuwa naikwepa! Mke wangu ndiye aliyesoma karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa, akanionyesha mstari unaotaja kamari. Daktari aliishusha kidogo kidogo, maana kuikata ghafla haifai, na hata hivyo siku zile sizitamani kwa adui. Sasa natumia dawa ya aina nyingine, gabapentini, usiku. Kubeti kumekwisha. Madeni bado yapo.

Mpita Njia
Nina kisukari, miguu inawaka moto usiku. Ndiyo hii?

Mtembea Usiku
Ukitembea inapoa, mkuu?

Mpita Njia
Haipoi. Na nyayo zina ganzi hata mchana.

Mtembea Usiku
Basi hiyo inafanana zaidi na mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na sukari. Ila mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mweleze daktari kama ulivyonijibu hapa, yaani inaanza saa ngapi na ukinyanyuka inakuwaje. Mimi miaka miwili nilikuwa nasema "miguu inauma" tu, nikawa napewa dawa za maumivu.

Mama Pacha
Na mwanangu mmoja, miaka tisa, kila jioni anasugua miguu, hakai kwenye kiti. Shuleni wanasema mtundu. Nilikuwa nasema ni kukua. Nampeleka wiki hii, na ferritini nitaitaja mwenyewe.

Mtembea Usiku
Fanya hivyo, na utuletee majibu. Mimi nina swali kwa wachangia damu wenzangu: kuna aliyerudi kuchangia baada ya chuma kupanda? Yangu sasa ni 82, na roho inanisuta kukaa pembeni.