Makumi kumi na manne

Kikundi: WATOTO WA BIBI

Mama Nuru, 18:04
Jamani za jioni. Jana nilisema mkanyamaza, leo narudia. Imani kaandika 80 + 60 = 1400, picha ya daftari hiyo hapo juu. Nuru wangu naye kaandika 70 + 50 = 12. Kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Seif, 18:06
1400 😂😂 huyu mpeni uhasibu mapema

Mama Nuru, 18:07
Seif usianze. Jumamosi saa kumi jioni, simu ya video, watoto wote wanne, robo saa tu. Kila mzazi aandae vijiti mia, avifunge kumi kumi kwa raba. Nijibuni.

Mama Nuru, 18:31
Nawaona mmesoma.

Mama Imani, 18:40
Wifi mimi nipo. Ila Imani kujumlisha anajua, 8 na 6 ni 14 hata usingizini. Baba yake alimwambia toa sifuri, jumlisha, rudisha sifuri. Katoa mbili, karudisha mbili. Mtoto mtiifu 😅

Seif, 18:41
Amana ya watu kairudisha yote

Hamadi, 18:52
Njia hiyo ndiyo niliyowafundishia nyote na mmefika mlipofika. Sifuri inarudi MOJA. Imani hakusikiliza.

Mama Nuru, 18:58
Sasa kaka, kwa nini moja? Hapo ndipo mtoto anapopotelea. Sifuri kwake ni alama tu ya kuondoa na kurudisha. Mwambie makumi manane na makumi sita. Anahesabu mafungu, anapata makumi kumi na manne. Halafu mafungu kumi anayakusanya, anayafunga kwa uzi yawe furushi moja, hiyo ndiyo mia. Nje yamebaki manne. Mia moja na arobaini. Hakuna sifuri iliyotoka wala kurudi.

Zawadi, 19:10
Shangazi na majina nayo yanawachanganya. Sitini unaisikia sita, sabini unaisikia saba, tisini tisa. Themanini nane iko wapi? Hamsini tano iko wapi? Arobaini ndiyo usiseme. Mimi kwa mdogo wangu niliacha kabisa kusema themanini, nikawa nasema makumi manane mpaka akaelewa, ndipo nikarudisha jina.

Mama Nuru, 19:11
Zawadi Jumamosi utanisaidia.

Zawadi, 19:12
😬 nitaangalia shangazi

Mama Nuru, 19:19
Wakishazoea mafungu, tuwape kujaza mia. 80 inadai 20 ifike mia. Ichukue kwenye 60, inabaki 40. Jibu lishatoka kichwani bila kalamu. Ila kwanza jozi za mia wazijue kama majina yao: 90 na 10, 80 na 20, 70 na 30, 60 na 40, 50 na 50. Nilikaa nikazihesabu, jozi za makumi zinazofika mia au kuipita ni 25 tu, na hizo tano zimo humohumo. Msione ni bahari.

Seif, 19:21
70 + 50 = 120. Hiyo si hesabu, hiyo presha

Mama Imani, 19:21
😂😂 120 kwa 80, presha ya kijana

Idi, 19:26
Nani kapima presha? Mama hajambo?

Mama Nuru, 19:26
Idi hakuna aliyepima!! Soma juu.

Idi, 19:29
Mmenishtua. Poleni lakini

Seif, 19:29
Pole ya nini na mgonjwa hayupo 😂

Mama Nuru, 19:34
Turudi. Na kabla hawajaandika jibu, wajiulize: namba zote mbili hazijafika mia, zikiungana zitafika mia mbili? Haziwezi. Kubwa kuliko zote ni 90 na 90, nayo ni 180. Basi 1400 inajikataa yenyewe. Na 12 ya Nuru pia, maana 70 peke yake imeshaizidi.

Hamadi, 19:40
Mnarefusha. Nyinyi mlijua kwa siku mbili.

Mama Nuru, 19:41
Tulijua kwa konzi.

Mama Nuru, 19:41
Sikutaka kuyasema, umeyaanza mwenyewe.

Seif, 19:42
Mimi nilikuwa napitia mlango wa nyuma 🙈

Mama Nuru, 19:44
90 + 70. Mpaka leo nikiiona mkono unakwenda kichwani wenyewe.

Hamadi, 19:47
Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nani alinifundisha kufundisha?

Mama Imani, 19:48
Ujumbe huu umefutwa

Bibi, 19:56
🎤 Ujumbe wa sauti, 0:48

Idi, 19:58
Niko katikati ya watu siwezi kusikiliza, kasemaje?

Zawadi, 20:03
Nimeyaandika kama alivyosema Bibi: "Nilikuwa ndani nasikia. Nikasema waacheni, ndiyo hesabu inavyoingia. Kosa lile ni langu, msimtwike Hamadi peke yake. Lakini kwa wajukuu wangu, hapana. Jumamosi Hamadi atakaa chini na watoto, atafunga vijiti nao. Asiulize swali. Aulizwe yeye."

Idi, 20:41
Tumekusikia Mama 🙏

Mama Nuru, 20:44
Shikamoo Mama. Asante.

Mama Nuru, 20:55
Kaka?

Mama Nuru, 21:20
Haya. Raba nani anazo za ziada? Na tutumie simu ya nani, yangu inakata kila baada ya dakika kumi.

Mama Imani, 21:33
Yetu chaji haikai. Ya Idi je?

Mama Nuru, 21:34
Idi?

Hamadi, 22:47
📷 Picha
Mafungu tisa. Raba zimeniishia.

Hamadi, 22:52
Dada, 90 na 70. Tisini inadai kumi, naichukua kwenye sabini, inabaki sitini. Ndivyo mnavyotaka?

Mama Nuru, 22:53
Ndivyo kaka.

Mama Nuru, 22:53
Hilo la kumi lifunge kwa uzi tu.

Idi, 06:15
Nimeona sasa hivi. Simu yangu ichukueni, ila Jumamosi nasafiri nayo. Tusogeze Jumapili?

Seif, 06:40
Jumapili mimi sipo

Mama Nuru, 06:41
Seif wewe huna hata mtoto.