Naomba ushauri: AI imesema mama aache dawa ya presha, ameacha, sasa imepanda

Wakuu habari za jioni. Mimi nipo Mtwara mjini, bi mkubwa yupo Tandahimba, miaka 61, presha anatumia enalapril tangu mwezi wa pili. Sasa wiki ya tatu hii ana kikohozi kikavu, usiku halali, tukiongea kwenye simu anakohoa mpaka tunakata. Duka la dawa kapewa dawa ya maji chupa mbili, zimeisha, wapi. Juzi nikaiandikia AI kwenye simu, ikanijibu fasta kwamba enalapril inaleta kikohozi, aache. Nikampigia, akaacha. Leo jirani mwenye kipimo kampima, 178 kwa 104. Hapo ndo nimeanza kutetemeka. Arudie au?

Mkorosho Mkavu: Uliiambia kwamba mama yupo Tandahimba na huu ni mwezi wa saba? Huku kila shamba la korosho mota ya kupulizia salfa inanguruma, vumbi la salfa limetanda mpaka kwenye sufuria. Mimi nakohoa na presha sina.

Mleta uzi: Daah. Sikuandika hiyo. Na nyumba yake ipo katikati ya mikorosho, kijana anayepuliza salfa mota yake anailaza barazani kwake.

Sista wa Zamu: Ndugu yangu, kuhusu dawa haijadanganya, enalapril na captopril zinawakohoza baadhi ya watu hata baada ya miezi. Tatizo imesema aache bila kusema ashike nini, na yenyewe haikumpima. Piga simu kituoni usiku huu huu uulize aliye zamu kuhusu kidonge cha leo. Kesho aende kliniki yake na daftari na paketi ya dawa, aombe kubadilishiwa, kuna losartan mara nyingi haina hiyo kero. Akiumwa kifua, mdomo ukipinda au mkono ukifa ganzi msisubiri kesho.

Kilwa Boy: Na makohozi wampime, kukohoa wiki mbili kwenda juu ni TB kwanza mpaka ithibitike siyo, kipimo bure. Kwenye TB nako AI ipo, WHO 2021 walikubali kompyuta isome picha ya X-ray ya kifua kwa wa miaka 15 na kuendelea, ila inatoa alama tu, mtu mwenye makovu ya TB ya zamani inaweza kumpa alama kubwa wakati hana kitu. Makohozi ndo yanaamua.

Nanguruwe Finest: Hiyo AI ije ipulize salfa heka mbili ndo itoe ushauri 😂

Mleta uzi: Nimempigia aliye zamu, kasema arudie kidonge leo na asubuhi wamuone, napanda gari la kwanza. Mama nilivyomuuliza habari ya salfa kanambia, "Mbona mwaka jana msimu huu nilikohoa hivi hivi, wewe hukuwepo."